Raia akivuka mpaka, sheria za kwao zimfuate au zibaki nyumbani?

Kandokando (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma mniwie radhi mapema.

Mwaka 1900 bwana mkubwa mmoja wa Uingereza, Earl Russell, kaka yake yule mwanafalsafa Bertrand Russell, alikwenda jimbo la Nevada huko Marekani. Akapata talaka hukohuko, kisha akamwoa mwanamke mwingine mjini Reno. Kwa watu wa Nevada habari ikawa imekwisha. Aliporejea kwao, sheria ya Uingereza ikasema talaka ile haiitambui, kwa hiyo mke wa kwanza bado ni mke, na huyu bwana ameoa juu ya ndoa. Mwaka 1901 Baraza la Malodi likakaa kama mahakama kumsikiliza, kwa kuwa mtu wa daraja lake alihukumiwa na wenzake. Alikiri kosa, akala miezi mitatu jela. Msamaha ulikuja mwaka 1911, kifungo kimeshasahaulika.

Tendo lenyewe halikugusa hata shubiri moja ya ardhi ya Uingereza. Harusi ilifungwa ng'ambo ya bahari, mbele ya watu walioiona halali. Kilichomponza ni uraia wake tu.

Swali ninaloleta jamvini: je, nchi ina haki ya kumwambia raia wake "hata ukiwa huko, bado uko chini yangu"?

Kwanza tuweke msingi ili tusigombane bure. Nchi hudai mamlaka ya kuhukumu kwa sababu kadhaa. Iliyo kongwe na isiyo na ubishi ni mahali: kosa limetendeka kwangu, nahukumu mimi. Nyingine ni uraia wa mtenda, na ndiyo mada yetu. Ipo pia ya uraia wa aliyeumizwa, ipo ya usalama wa dola (mtu anachapa fedha zako za bandia akiwa nchi jirani, utamwacha?), na ipo ya makosa mazito mno kama uharamia, ambayo kila nchi inaruhusiwa kuyahukumu.

Sheria ya kimataifa haikatazi hii ya uraia. Mwaka 1926 meli ya Ufaransa iitwayo Lotus iligongana na meli ya Uturuki, Boz-Kourt, katika bahari kuu, wakafa Waturuki wanane. Uturuki ikamshtaki ofisa wa meli ya Ufaransa. Kesi ilipofika Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa mwaka 1927, majaji waligawanyika sita kwa sita, Rais wa mahakama akaamua kwa kura yake, Uturuki ikashinda. Kilichobaki vitabuni kutokana na kesi ile ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: dola ina uhuru mpana wa kutunga sheria zinazogusa mambo ya nje, lakini haiwezi kwenda kumkamata mtu katika ardhi ya mwenzake bila ruhusa. Ndiyo maana sheria za namna hii hulala kimya ukiwa nje, zikaamka siku unapokanyaga uwanja wa ndege wa kwenu.

Sasa msimamo wangu. Sheria inayomlinda mtu mwingine dhidi ya raia wako, hiyo imfuate hata mwisho wa dunia. Sheria inayomlinda raia dhidi ya nafsi yake, au inayolinda mwenendo ambao nchi yake inaupenda, hiyo ibaki mpakani.

Mfano wa aina ya kwanza ni watu wazima wanaosafiri kwenda kuwanajisi watoto katika nchi maskini. Australia ilitunga sheria ya kuwashtaki raia wake kwa hili mwaka 1994. Marekani iliongeza makali mwaka 2003, adhabu inafika miaka 30. Hapo hakuna kuulizana kama polisi wa kule walilala au walipewa kitu kidogo. Umeharibu mtoto wa mtu, ukirudi utajibu.

Mfano wa aina ya pili ni bangi. Kanada ilipohalalisha bangi Oktoba 2018, polisi wa Korea Kusini waliwakumbusha raia wao kwamba ukivuta kule unaweza kushtakiwa nyumbani, kifungo hadi miaka mitano. Singapuri nayo inamhesabu raia au mkazi wa kudumu aliyetumia dawa za kulevya nje kana kwamba amezitumia ndani ya Singapuri, na vipimo vinaweza kufanyika akirudi. Siitetei bangi. Nauliza tu: huyu aliyevuta ugenini, kwa sheria ya ugenini, na athari zimeishia ugenini, amemkosea nani nyumbani?

Naomba kuwasilisha.

---

Mzibaufa

Mkuu Kandokando, mada nzuri, ila mstari wako umeuchora kwa haraka. Unasema "sheria inayomlinda mtu mwingine". Nani anaamua kwamba kuna mtu mwingine?

Chukua Italia. Tangu mwaka 2004 ni marufuku kwao kumtafuta mwanamke akubebee mimba. Wenye hamu ya mtoto wakawa wanakwenda nchi zinazoruhusu. Oktoba 2024 Seneti ikapitisha, kura 84 kwa 58, kwamba Mwitalia akifanya jambo hilo popote duniani ni kosa: kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili, na faini kuanzia euro 600,000 hadi milioni moja. Waliotunga wanasema wanamlinda mwanamke anayekodishwa tumbo na mtoto anayegeuzwa bidhaa. Wanaopinga wanasema mwanamke kakubali, mtoto kazaliwa anapendwa, aliyeumia yuko wapi?

Kwa kipimo chako Italia imo au haimo? Ukisema imo, kila serikali itasema inalinda mtu. Ukisema haimo, umeshajipa kazi ya kumwamulia mbunge wa Italia nani ni mwathirika.

---

BintiSheria

Kaka Mzibaufa umegusa penyewe, ila nadhani wanasheria walishatafuta njia ya kukwepa mtego huo: sharti la kosa kuwa kosa pande zote mbili. Ujerumani kwa kawaida humhukumu raia wake kwa tendo la nje pale tu tendo hilo linapoadhibiwa pia mahali lilipotendeka. Ufaransa inagawa: kwa makosa makubwa kabisa sheria yake inamfuata Mfaransa bila masharti, kwa makosa ya daraja la kati inataka nchi ya pili nayo iwe inaadhibu.

Uzuri wa sharti hili ni kwamba mtu anajua anachokikabili. Akiwa ugenini anatii sheria ya ugenini, basi. Hakuna anayetembea na maktaba ya sheria za kwao begani.

---

Kandokando (mleta mada)

Dada BintiSheria, sharti hilo nalipenda nusu. Lina shimo kubwa katikati. Likitumika peke yake, anayetaka kumdhuru mtoto atatafuta nchi ambayo sheria yake ni dhaifu au umri wa mtoto umewekwa chini, kisha atajificha nyuma ya hiyohiyo. Ndiyo maana Wajerumani wenyewe wana orodha ya makosa yaliyotolewa nje ya sharti: unyanyasaji wa watoto kingono umo, ukeketaji umo. Hayo Mjerumani anashtakiwa nayo hata kama kule alikofanya hakuna anayejali.

Kwa hiyo kanuni ya jumla iwe sharti la pande zote mbili, na pawe na orodha fupi ya makosa yasiyovumilika popote. Orodha ikirefuka, hapo ndipo nitaanza kupiga kelele.

Mzibaufa, kuhusu Italia jibu langu: haimo. Kama mwanamke anayebeba mimba analindwa na sheria ya nchi yake, ana mkataba, ana wakili, na mahakama zake zinafanya kazi, Italia haimlindi yeye. Inalinda picha yake ya familia. Kama anabebeshwa kwa nguvu au kwa kurubuniwa, hiyo ni biashara haramu ya binadamu na sheria zake zipo.

---

Nahodha_wa_Kale

Vijana, mnazungumza kana kwamba jambo hili lilianza na ndege. Turudi Zanzibar mwaka 1860.

Konsuli wa Uingereza wakati huo alikuwa Christopher Rigby, aliyekaa hapo kuanzia 1858 hadi 1861. Sultani ni Majid. Utumwa ni halali kwa sheria ya nchi. Lakini wafanyabiashara wengi wa Kihindi walikuwa wanahesabiwa kuwa chini ya Uingereza, na raia wa Uingereza alikuwa amekatazwa kumiliki mtu. Rigby akaanza kuwabana: achia watumwa wako, la sivyo utaona. Maelfu waliandikiwa hati za uhuru. Jirani yake Mhindi huyo, Mwarabu au Mswahili, aliendelea kumiliki watumwa bila kuulizwa, maana sheria ile haikuwa ya mahali, ilikuwa ya mtu.

Soko la watumwa lilikuja kufungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Hesabuni wenyewe: sheria iliyomfuata mtu ilitangulia sheria ya ardhi kwa miaka 37.

Kwa hiyo mtu anaposema sheria ibaki nyumbani, namwambia amfikirie yule aliyekuwa akimilikiwa. Kwake yeye ilikuwa heri ifuate.

Ila msisahau upande wa pili wa historia hiyohiyo. Mara moja ukazuka mgogoro: nani hasa ni mtu wa Uingereza? Wale waliotoka Kutch, sehemu ya India iliyokuwa na mtawala wake chini ya ulinzi wa Waingereza, wamo au hawamo? Uraia ukawa jambo la kukwepa au kukimbilia kulingana na faida. Na konsuli mwenye mahakama yake ndani ya nchi ya mwenzake ni mlango wa ukoloni. China iliishi hivyo tangu mikataba ya miaka ya 1840: Mmarekani au Mwingereza akikosa ndani ya China anahukumiwa na konsuli wake, Mchina hana la kusema. Ilifika 1943 ndipo Marekani na Uingereza zikaachia. Waturuki nao walilazimika kusubiri hadi mkataba wa Lausanne mwaka 1923.

---

Pwaguzi

Mzee Nahodha umenifurahisha, shikamoo. Ila hapo kuna vitu viwili umevichanganya, au labda umeviweka karibu mno. Sheria ya kwetu kumfuata raia wetu ni jambo moja. Sheria ya kwetu kumfuata raia wetu NA kumwondoa katika mikono ya wenyeji ni jambo jingine. Konsuli wa Shanghai alifanya la pili. Alimfuata mtu wake ili amkinge. Singapuri ya leo haikingi mtu. Ukikamatwa na bangi katika nchi isiyoitaka, utahukumiwa huko kwanza, kisha ukirudi unaweza kukutana na nyingine.

Na hapo ndipo penye maumivu. Mtu mmoja, tendo moja, adhabu mbili. Wengi wanadhani haki ya kutohukumiwa mara mbili inavuka mipaka. Haivuki kirahisi hivyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 umeiweka, lakini imefasiriwa kuwa inazuia nchi moja kukuhukumu mara mbili, si nchi mbili kukuhukumu kila moja kwa zamu yake.

---

Nahodha_wa_Kale

Marahaba. Umesema kweli, tofauti hiyo ipo.

---

Zebedayo_Mtaratibu

Mimi nitakuwa mpinzani wa mleta mada kwa sababu nyingine kabisa. Nyote mnaangalia raia kama mtu anayewindwa na nchi yake. Uraia si hati ya kusafiria tu. Akipata matatizo ugenini, wa kwanza kumtafuta ni ubalozi wake. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa aliyekamatwa ugenini haki ya kuomba konsuli wake ajulishwe. Vita ikizuka anataka ndege ya serikali ije imchukue. Sasa mtu anayedai kivuli cha mti asubuhi na jioni atakataaje kuokota majani yake?

Marekani walilisema hili wazi. Mwaka 1924 Mahakama Kuu yao ilimwambia Mmarekani aliyekuwa akiishi Mexico kwamba kodi ya mapato atalipa, hata kama mali yake iko Mexico, kwa kuwa serikali humnufaisha raia popote alipo. Mwaka 1932 ikaja ya Harry Blackmer, aliyekimbilia Ufaransa ili asitoe ushahidi katika kashfa ya mafuta ya Teapot Dome. Aliletewa wito wa mahakama hukohuko Ufaransa, akaupuuza. Akapigwa faini ya dola 60,000 kwa kudharau mahakama, na mali zake zilizobaki Marekani ndizo zilizoshikwa kulipia. Mahakama Kuu ikabariki. Ukiwa raia, wajibu unasafiri nawe.

---

Kandokando (mleta mada)

Zebedayo, kesi ya Blackmer naikubali mzima mzima. Kashfa ilikuwa ya mali ya umma wa nchi yake, na ushahidi ulikuwa kichwani mwake. Hapo wajibu una maana.

Kodi ndiyo naiona ngumu. Nchi zinazotoza raia kwa uraia wenyewe bila kujali anaishi wapi ni chache mno, Marekani na Eritrea ndizo zinazotajwa kila mara. Eritrea hutoza asilimia 2 ya kipato cha walio nje. Mwaka 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani jinsi kodi hiyo ilivyotumika kuvuruga ukanda, na likataka zikome mbinu za vitisho na ulaghai katika kuikusanya. Wajibu ukishageuka kamba ya kumvutia mtu aliyekwisha kuondoka, huo si ule wajibu unaousema wewe.

Na hoja ya ulinzi wa ubalozi ina kasoro moja. Huduma ya konsuli haimkingi mtu na sheria ya ugenini. Akiiba huko, atafungwa huko, konsuli atamletea barua za nyumbani na orodha ya mawakili. Kwa huduma hiyo ndogo nchi haiwezi kudai maisha yake yote.

---

Mzibaufa

Na rushwa je? Maana hamjaigusa, na ndiko sheria hizi zilikofanya kazi ya maana.

Miaka ya 1970 uchunguzi Marekani ulifichua kampuni zaidi ya 400 zilizokiri kufanya malipo ya kutiliwa shaka nje, jumla yake zaidi ya dola milioni 300. Lockheed, kampuni ya kuunda ndege, ilimwaga fedha hadi Japani, na aliyekuwa waziri mkuu, Kakuei Tanaka, akakamatwa mwaka 1976. Mwaka 1977 Marekani ikatunga sheria: Mmarekani akimhonga ofisa wa nchi nyingine, atashtakiwa Marekani. Wenzao wa Ulaya walicheka. Ujerumani hadi 1999 mfanyabiashara aliweza kuandika rushwa aliyotoa nje kama gharama za biashara na ikapunguzwa kwenye kodi. Yaani serikali inachangia hongo! Ilibidi uje mkataba wa OECD (jumuiya ya kiuchumi ya nchi zilizoendelea) wa mwaka 1997 ndipo wakanyooka.

Kwa kanuni ya pande zote mbili rushwa inapita, kwa sababu hakuna nchi inayoandika kwenye sheria zake kwamba ofisa wake ahongwe. Tatizo ni kwamba wenye kuhongwa ndio wenye polisi. Asiposhtakiwa kwao mtoaji, hashtakiwi popote.

---

BintiSheria

Hapo Mzibaufa umenipa kitu ninachokitafuta tangu juu. Tunauliza sana "ni kosa pande zote mbili?" wakati swali lenye maana zaidi ni "nani mwingine angemhukumu?"

Angalieni mahali ambapo jibu ni hakuna. Antaktika haina mwenye nayo anayekubalika na wote, kwa hiyo Mkataba wa 1959 unasema wanasayansi na waangalizi wanabaki chini ya mamlaka ya nchi zao. Kituo cha Kimataifa cha Anga nacho hivyohivyo: makubaliano ya mwaka 1998 yanasema mwanaanga akitenda kosa la jinai, nchi yake ndiyo yenye mamlaka kwanza. Mwanadiplomasia pia. Wenyeji hawawezi kumshtaki, lakini Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema wazi kinga hiyo haimwondoi katika mamlaka ya nchi iliyomtuma. Bila sheria kumfuata, watu hawa wote wangekuwa hawana wa kuwauliza.

Kisha kuna nchi zisizokubali kumkabidhi raia wao kwa mahakama za nje. Brazil imeandika hivyo kwenye katiba kwa raia wa kuzaliwa. Nchi ikisema "simtoi mwanangu", lazima iwe tayari kumhukumu yenyewe, vinginevyo raia wake anaua huko, anapanda ndege, anakaa nyumbani anakunywa chai.

Wahindi waliliona zamani. Kanuni yao ya Adhabu ya mwaka 1860 ilikuwa na kifungu kinachomfuata raia popote, na mfano uliochapwa ndani ya sheria yenyewe ulikuwa wa raia wa India anayeua mtu Uganda: anaweza kushtakiwa mahali popote India atakapopatikana. Ila waliweka breki, kesi haiendelei bila kibali cha serikali kuu.

---

Pwaguzi

Breki hiyo ya kibali cha serikali, dada yangu, ndiyo inayonitia hofu kuliko gari lenyewe. Maana yake serikali inachagua nani ashtakiwe. Mtoto wa mkubwa akifanya, kibali kinapotea mezani. Mkosoaji akifanya, kibali kinatoka siku hiyohiyo.

Na sheria hizi zikishazoeleka zinatanuka. Sheria ya usalama wa taifa ya Hong Kong ya mwaka 2020, kifungu cha 38, inamgusa hata asiye mkazi wa Hong Kong, kwa tendo alilofanya nje ya Hong Kong. Julai 2023 polisi wa huko wakatangaza zawadi ya dola milioni moja za Hong Kong kwa kila mmoja wa wanaharakati wanane walioko nje. Kosa ni maneno na kampeni zilizofanyika katika nchi ambako maneno hayo ni halali.

Kwa hiyo mleta mada, kwenye orodha yako fupi andika kwa wino mwekundu: makosa ya kusema yasiwemo. Kamwe.

---

Kandokando (mleta mada)

Nimeandika. Na la Pwaguzi linanirudisha kwenye kisa kinachonikera hadi leo. Ayalandi, mwaka 1992. Binti wa miaka 14 amebakwa, ana mimba, wazazi wakampeleka Uingereza ambako kuitoa ni halali. Mahakama ikatoa zuio: asitoke nchini kwa miezi tisa. Familia ikarudi naye. Mahakama ya Juu ikaliondoa zuio, lakini kwa sababu maisha ya binti yalikuwa hatarini, si kwa kusema kusafiri ni haki yake. Novemba mwaka huohuo wananchi wakapiga kura ya maoni na kuweka kwenye katiba kwamba katazo la utoaji mimba halizuii uhuru wa kusafiri.

Angalieni walichofanya. Wakati ule hawakufuta katazo lenyewe. Hilo lilingoja hadi 2018. Walisema tu kwamba katazo letu linaishia ufukweni kwetu. Nchi inaweza kuwa na msimamo mkali ndani na bado ikakubali kwamba ng'ambo wapo wengine wenye akili zao. Mimi hilo silioni kama unafiki.

---

Zebedayo_Mtaratibu

Ni unafiki mkuu, tena wa wenye nauli. Mwenye uwezo anapanda ndege, maskini anabaki na sheria. Norwei walikataa mchezo huo: walipoharamisha kununua ngono kuanzia 2009, walisema Mnorwei akinunua nje ni kosa pia. Wasweden, waliotangulia kuharamisha, hawakufika huko kwa sababu ya hilo sharti la pande zote mbili. Nani kati yao anaiamini sheria yake kweli?

Na ukeketaji. Kenya ilipotunga sheria mwaka 2011 iliweka kifungu cha kumfuata raia na mkazi wa kudumu nje ya nchi, kwa sababu mabinti walikuwa wanavushwa mpaka kwenda kukatwa upande wa pili. Bila kifungu hicho sheria yote ni karatasi.

---

Kandokando (mleta mada)

Ukeketaji umo kwenye orodha yangu tangu mwanzo, Zebedayo, tusigombane tulipokubaliana. Binti anayevushwa mpaka hajachagua kusafiri. Anasafirishwa. Aliyekwenda kujinunulia bangi amechagua. Tofauti hiyo inabeba hoja yangu yote.

Ila la wenye nauli sina jibu zuri. Ni kweli uhuru wa kukwepa sheria kwa kusafiri ni uhuru wa wenye fedha. Ninachoona ni kwamba dawa yake ni kuitazama upya sheria inayokwepwa, si kuwafuata wakwepaji hadi vyumbani mwao. Sheria ambayo maelfu ya watu wa kawaida, si wahalifu, wanaikimbia kila mwaka, ina swali la kujibu kwanza.

---

Chakubanga_Mdogo

Swali la kijinga labda. Haya yote yanathibitishwaje? Mashahidi wako nchi nyingine, lugha nyingine, polisi wa huko hawana haraka. Mtuhumiwa ataletaje mashahidi wa kumtetea?

---

BintiSheria

Si la kijinga hata kidogo, ndilo linaloua kesi nyingi. Kwa ushahidi wa nje nchi huombana msaada wa kisheria kwa mikataba, barua zinakwenda na kurudi, na upande wa mashtaka ndio wenye njia hiyo. Mtetezi binafsi hana. Anabaki kuomba mashahidi wake wasikilizwe kwa njia ya video, na kama mahakama haikubali, hana wa kumsemea. Mwathirika naye, hasa mtoto, anatakiwa kusimulia tena mbele ya wageni mambo yaliyotokea miaka kadhaa nyuma. Ndiyo sababu naona orodha ya Kandokando ibaki fupi hata kama huiamini falsafa yake: kila kosa unaloliongeza unaliongezea kesi ambazo haziwezi kuendeshwa kwa haki.

Na lile la Pwaguzi la adhabu mbili, kuna nchi zimeanza kulirekebisha. Japani inaweza kukuhukumu upya kwa tendo ulilokwisha kuhukumiwa nje, lakini adhabu uliyoitumikia huko inapunguza ya kwao. Korea Kusini zamani ilimwachia jaji hiari ya kupunguza au kutopunguza. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ikasema hiyo haitoshi, sheria ikabadilishwa, sasa kifungo cha nje lazima kihesabiwe.

---

Chakubanga_Mdogo

Asante dada. La mwisho basi: mwenye uraia wa nchi mbili? Moja inaruhusu, nyingine inakataza, na yeye anaishi katika ile inayoruhusu, amezaliwa humo, ile nyingine ameirithi kwa baba tu na hajawahi kuiona.

---

Kandokando (mleta mada)

Kwa sheria zilivyo leo, zote mbili zinaweza kumdai, na ile asiyoijua itamkamata akienda kumsalimia bibi yake. Kwa maoni yangu mahali anapoishi pawe na uzito kuliko hati aliyoirithi, na sheria za mwenendo za nchi ya baba zisimguse mpaka atakapohamia. Kwa makosa ya orodha fupi, yoyote itakayomtia mkononi kwanza imhukumu, na nyingine iheshimu hukumu hiyo.

Zebedayo najua utakuja na jeshi la kujenga taifa na wanaolikwepa kwa hati ya pili. Karibu, ila hiyo tuifungulie uzi wake.